Silinda ya Nne

Maalim Abdulkarimu, anayewagawia watu mirathi hapa mjini, alikuja gereji mwenyewe, hakutuma mtu. Nikajua jambo ni zito. Nilikuwa chini ya lori natengeneza breki. Akasimama pembeni mpaka nikatoka, akaningoja ninawe mikono kwa mafuta ya taa, ndipo akasema anataka nikapime injini ya Benzi la marehemu Mzee Sufiani.

Nikamuuliza kuna nini, maana Benzi lile lilikuwa linatembea mpaka wiki ile aliyofariki mwenyewe.

"Linatembea. Lakini kutembea si uzima, na mimi si fundi. Mjane wake, Bi Mwamini, anataka gari lile liwe fungu lake katika mirathi. Nimewaambia warithi siandiki kitu mpaka fundi aniambie kilichomo ndani."

Nikasema sawa, nitakuja Jumamosi asubuhi. Alipoondoka nilikaa juu ya tairi, na siku ile sikurudi tena chini ya lori. Kilichomo ndani ya injini ile nilikuwa nakijua kwa miaka mitatu sasa, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekijua.

Nianze mwanzo. Mzee Sufiani alikuwa mtu wa biashara kama baba yake na babu yake, ambao walinunua mpunga na kuuza nguo mtoni tangu wakati mitumbwi ndiyo iliyokuwa malori. Miaka ya foleni za sukari alikaa kimya, akauza chumvi na viberiti. Biashara ilipofunguliwa, na yeye akafunguka. Akaweka mashine ya kukoboa mpunga hapa Kibiti, akaleta mitumba, akaleta redio, na mwaka wa themanini na tisa akaenda Dar es Salaam kwenye mnada wa shirika moja la umma lililokuwa linafungwa. Akarudi na Benzi jeupe la silinda sita, lililokuwa la mkurugenzi. Viti vya ngozi, saa ya mishale kwenye dashibodi, na ndani ya kisanduku cha mbele bado mlikuwa na kadi za mkurugenzi zenye jina lake. Mzee Sufiani alizigawa kadi zile kwa watu barazani, wakatanie. Kwa mwezi mzima alikuwa akiitwa Mkurugenzi.

Fundi wake nilikuwa mimi. Shule niliacha darasa la nne, lakini injini nimeisoma tangu nina miaka kumi na mitatu, na Mzee Sufiani alikuwa hampi mtu mwingine funguo.

Alipofariki, mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa saba, aliacha warithi watatu. Haitham, mtoto wa mke wa kwanza aliyekwisha kufariki, alikuwa na duka Kariakoo. Bi Mwamini, mke wa pili, alikuwa mtoto wa wakulima wa Chumbi, ng'ambo ya mto. Na Sabra, binti yao, alikuwa darasa la sita. Mjane mwenye mtoto anapata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Maalim alipiga hesabu zake akaona thumni ya Bi Mwamini inaweza kutoka kwenye kimoja cha vitu viwili: shamba la mpunga la Chumbi au Benzi. Thamani zao zilikaribiana, ikiwa Benzi ni zima. Haitham hakuwa na ubaya. Alisema mama yake mdogo achague kwanza, kitakachobaki kiwe kwake yeye.

Kila mtu alidhani atachagua shamba, maana ndiye aliyelilima. Akachagua gari.

Habari hii aliniletea Kondo, mdogo wake, dereva wa malori. Alikuja ameshavaa kofia ya dereva wa harusi aliyoinunua Dar es Salaam, nyeusi, yenye ukingo wa kung'aa, na ilikuwa ndogo, imemkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha birika. Alisema dada yake amechoka. Miaka kumi na moja amelala dunguni, kwenye kile kilingo cha miti cha kulindia shamba, anapiga debe kufukuza nguruwe na viboko, na mgongo wake sasa hauinuki asubuhi bila kushikwa. Alisema dada yake amemwambia hivi: "Mto ukitaka unachukua wote. Nataka kitu chenye magurudumu, ili mto ukija kiondoke." Yeye Kondo ataacha malori ya watu, ataliendesha Benzi, harusini na safari za Dar es Salaam, na Bi Mwamini atakaa nyumbani amsomeshe Sabra.

"Fundi, wewe ukisema zima tu, tumeshatoka," Kondo aliniambia. "Na wewe si ndiye uliyelifufua?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Hapa Kibiti, na Ikwiriri, mpaka kule Chumbi, nilikuwa najulikana kama fundi aliyefufua Benzi majini. Na hivi ndivyo nilivyolifufua.

Ilikuwa masika ya mwaka wa tisini, katikati ya Ramadhani. Mzee Sufiani alivuka kivuko cha Ndundu akaenda Chumbi kuangalia mpunga, na wakati wa kurudi akakuta maji yamepanda barabarani. Akaingia. Benzi likazimika katikati, maji yamefika kwenye taa. Nikaitwa. Nilipofika, wanaume walikuwa wameshalisukuma mpaka pakavu, na pantoni ilikuwa imebakiza mvuko mmoja tu kabla ya kufungwa. Tukikosa, tunalala ng'ambo, na mzee yule hajafuturu.

Injini iliyomeza maji ina kanuni moja. Usiizungushe kabla hujafungua plagi zote. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni ikipanda ikakuta maji juu yake, hakuna pa kwenda, na kitakachokubali kupinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni. Haya nilikuwa nayajua kama ninavyolijua jina langu.

Nikafungua plagi ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu. Ya tatu, kavu. Kule mtoni wakaanza kugonga chuma cha pantoni, kuita watu. Ya nne ilikuwa imeng'ang'ania, spana inateleza kwa matope. Nikasema moyoni, kama tatu ni kavu, na hizi tatu zilizobaki ni kavu. Nikarudisha zile plagi, nikawaambia wafunge kamba kwenye lori lililokuwa linaelekea kivukoni, Mzee Sufiani aweke gia ya pili, tulivute.

Likavutwa. Nikasikia kitu ndani, mlio mmoja mfupi, kama kuni mbichi inayovunjwa ndani ya gunia. Kisha maji yakaruka kwenye ekzosi, injini ikashika, watu wakashangilia, tukawahi pantoni. Mzee Sufiani alifuturu kwa tende juu ya maji akanikumbatia mbele ya watu.

Siku ya pili akaniambia gari linatetemeka likiwa limesimama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwambia, "Mzee, gari la umri huu lazima litetemeke kidogo. Lakini injini hii itatuzika sote." Akacheka, akaridhika. Mimi nilijua ni silinda ya nne.

Alipozikwa nilikuwepo. Mnaijua desturi: kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia anasimama anasema, anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu ajitokeze, asimwache ndugu yetu na mzigo. Watu watatu walijitokeza. Mimi nilikuwa nimeshika jembe, bado na udongo wa kaburi miguuni, nikaangalia chini. Nikajiambia ile ni habari ya fedha, haya ya kwangu si fedha.

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja. Siwafichi nilichokiwaza. Ukimimina oili nyingi ndani ya silinda mbovu, sindano ya geji ya kupimia mgandamizo inapanda, mtu asiyejua ataona ni nzima. Nilijaza kopo dogo nikalitia katika sanduku la vifaa. Kisha nikaona hata oili haihitajiki. Nani pale ataisoma geji? Nitaisoma mimi, nitataja namba, Maalim ataandika. Nikisema kweli, Bi Mwamini anarudi dunguni na mgongo ule, na mimi jina langu linakwisha. Nikinyamaza, atapata alichokitaka. Konrodi iliyopinda inaweza kwenda miaka. Inaweza pia kukatika Jumamosi moja na bibi harusi ndani, ikatoboa bloku, na Bi Mwamini akabaki na bati jeupe la kufugia kuku. Nililijua hili la pili. Nilikuwa naliweka kando tu, na kila nikiliweka kando linarudi.

Asubuhi ile nilikwenda. Benzi lilikuwa uani chini ya banda la makuti. Bi Mwamini alikuwa katika eda, hatoki wala haonani na wanaume wa nje, kwa hiyo aliketi ndani nyuma ya pazia la mlango wa uani, karibu kabisa. Ulikuwa unaona ncha ya mkeka wake chini ya pazia. Maalim alikaa kwenye kiti na daftari lake. Haitham alikuwa amesimama, suruali imenyooka, kachoka na safari. Kondo alikuwa usukani na kofia yake.

Tulimsalimu Maalim, tukamsalimu Bi Mwamini kupitia pazia, akaitikia, akauliza habari za mke wangu. Kisha nikaanza kazi.

Kwanza nililiwasha lipate joto, maana injini baridi husema uongo. Likatetemeka vilevile. Haitham akaweka kiganja juu ya boneti akatabasamu. Akasema, "Utetemeko wake wa umri." Yalikuwa maneno yangu. Baba yake alikuwa amempa kama urithi.

Likazimwa. Nikachomoa waya wa koili ili injini izunguke bila kuwaka, nikamwambia Kondo apige stata kidogo nisikie nguvu ya betri. Akapiga. Injini ikazunguka, sauti yake ile ya kupanda na kushuka, kila pistoni ikibana hewa yake na kuachia. Sikutaka kuisikiliza. Nikamwambia basi, inatosha.

Nikafungua plagi zote sita. Safari hii zote. Nikazipanga kwenye gazeti kwa zamu yake. Nikafunga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, nikamwambia Kondo akanyage mafuta mpaka chini apige stata. Sindano ikaruka, ikaruka tena, ikasimama.

"Mia na hamsini," nikasema.

Maalim akaandika. Akauliza mia na hamsini ni nzuri? Nikamwambia ni pauni za mgandamizo, na kwa injini ya umri huu ni nzuri mno. Ya pili ikatoa mia na arobaini na tano. Ya tatu mia na hamsini. Kondo alikuwa anapiga mluzi. Nikahamishia geji kwenye silinda ya nne.

Kondo akapiga stata. Sindano ikapanda themanini. Ikaongeza kidogo, ikafika themanini na tano, ikakaa.

"Mia na arobaini," nikasema.

Nikabonyeza kidude cha kuachia hewa, sindano ikarudi sifuri kabla Kondo hajatoa kichwa dirishani. Maalim akaandika. Ya tano nikasema kweli, ya sita nikasema kweli. Nilisema kweli mara tano katika sita, na ndivyo watu wengi wanavyosema uongo.

Haitham akasema alhamdulillahi, basi Benzi liende kwa mama, shamba libaki kwake, na mambo yamekwisha kwa heri. Maalim akavaa miwani vizuri, akazisoma namba zote sita kwa sauti ili mashahidi wazisikie, na akaniambia nije niweke jina langu chini yake. Nilikuwa nimeshaishika kalamu.

"Fundi Mshamu." Ilikuwa sauti ya Bi Mwamini. "Naomba kuuliza kabla hujaandika."

"Uliza, shemeji."

"Mwanzo kabisa, kabla hujafungua vile vitu, ulimwambia Kondo azungushe. Nilisikia michi sita inatwanga. Mmoja unapiga kinu kitupu."

Haitham akacheka, si kwa dharau. Akasema, "Mama, injini haitwangi."

"Mimi nimetwanga mpunga na wanawake sita tangu sijaolewa," akasema. "Mmoja akikosa mpunga kwenye kinu chake, mchi unashuka haraka, zamu inachechemea. Humwoni, lakini unamsikia. Ndicho nilichosikia."

Nikasema labda ni betri, betri imekaa muda mrefu.

"Betri ikichoka itachosha michi yote. Huu ni mmoja. Mitano mizito, mmoja mwepesi, mitano mizito, mmoja mwepesi."

Kuku alipita katikati yetu akadonoa gazeti lenye plagi. Mimi ni fundi wa miaka thelathini, na mwanamke ambaye hajawahi kufungua boneti alikuwa ameipima injini kwa masikio akiwa nyuma ya pazia, na amepata jibu sahihi.

"Mimi sioni nilipo hapa," akasema tena, polepole. "Mume wangu alikuwa akisema wewe ndiye macho yake kwenye gari hili. Nakuuliza jambo moja tu, shemeji. Namba alizoandika Maalim, nizichukue?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Angeuliza kama gari ni zima, ningesema zima. Lakini aliuliza kama achukue, na mimi nikamwona anachukua, nikaiona mikono yake, ambayo kwa kweli sikuwa naiona.

"Usizichukue," nikasema.

Maalim aliinua kichwa. Haitham akauliza kwa nini. Nilirudisha geji kwenye silinda ya nne, nikamwambia Haitham aje ashike yeye, aisome yeye. Nikamwambia Kondo apige. Haitham aliinama, akaangalia, akasema themanini na tano. Akadhani ameisoma vibaya, akasema tena.

Nikatoa lile kopo la oili. Nikawaeleza: kama ni ringi za pistoni zimekwisha, ukitia oili kijiko kimoja sindano inapanda juu, maana oili inaziba. Isipopanda, ubovu si wa ringi. Nikatia kijiko kimoja, si kopo zima. Kondo akapiga. Themanini na saba.

"Pistoni hii haifiki juu," nikasema. "Konrodi yake imepinda. Si umri. Nimeipinda mimi."

Nikawasimulia yote, kuanzia pantoni, plagi tatu kavu, kamba, na ule mlio. Na nikasema nilichomwambia Mzee Sufiani siku ya pili, na kwamba makaburini nilisimama nikaangalia chini. Sikuliremba. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayetapika, nikiongea na pazia.

Kondo alishuka garini. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, akawa anaizungusha. Alinitazama kidogo tu, akatoka nje ya ua.

Haitham ndiye aliyesema. "Baba alikuwa anakusifu mpaka Kariakoo. Wateja wangu wanakujua jina na hawajawahi kufika Kibiti."

"Najua."

"Na leo ungetia saini."

"Ningetia."

Nilingoja Bi Mwamini aseme kitu. Nikasikia mkeka unakunjwa. Ile ncha chini ya pazia ikaondoka, na nyayo zake zikaingia ndani, taratibu, hatua za mtu anayeshika ukuta kwa sababu ya mgongo. Ningependa angenitukana.

Maalim alipiga mstari juu ya ukurasa ule akafungua mwingine. Hakunikaripia. Alisema shamba la Chumbi litakuwa la Bi Mwamini, maana gari si la thamani ile tena, na hampi mjane kitu kibovu kwa jina la kitu kizima; mirathi hugawiwa kwa kilichopo leo, si kwa ahadi ya fundi. Benzi atalichukua Haitham kwa thamani ya gari gonjwa. Injini nitaifungua mimi na kuitengeneza mimi, kwa mkono wangu na kifaa changu, kwa kuwa aliyeharibu hutengeneza. Kisha akaongeza moja, ambalo sikulitegemea.

"Na atakayekuuliza Benzi lile lina nini, mwambie. Usimwambie ni umri."

Nililivuta Benzi kwa lori mpaka gereji, likapita katikati ya mji mchana kweupe. Watu waliuliza siku ile ile. Niliwaambia. Wengine walicheka wakadhani natania, na waliposikia mpaka mwisho wakaacha kucheka. Katika miezi iliyofuata wenye magari watatu waliondoka kwangu wakaenda kwa fundi wa Ikwiriri. Siwalaumu. Siku moja mke wangu akasema kwamba alikuwa anajua kuna kitu, kwa sababu kila Benzi lile lilipokuja mimi nilikuwa silali mchana.

Kupata konrodi ya injini ile ilikuwa kazi. Mara mbili nilikwenda Dar es Salaam, kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, mara mbili nikarudi mikono mitupu. Ile mbovu niliitoa, nikaiweka mezani.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja eda ya Bi Mwamini ikaisha. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na kule Chumbi watu walikuwa wameshaanza kutifua. Asubuhi moja lori lilisimama mbele ya gereji, Kondo usukani, kichwa wazi. Hakushuka. Aliyeshuka ni Bi Mwamini, kwa shida, Sabra akimshika mkono. Juu ya lori niliona majembe mawili, mikeka, sufuria, na debe la kufukuzia nguruwe.

Tulisalimiana. Akasema amekuja kukiona hicho chuma kilichopinda.

Nilimpa. Aliishika konrodi akaigeuzageuza. Ilikuwa nzito kwake. Nikaweka rula pembeni ya chuma aone mahali palipopinda, maana kwa macho tu hupaoni upesi. Akapitisha kidole pale kwenye nafasi kati ya rula na chuma. Nafasi yenyewe haizidi punje mbili za mchele zilizolala.

"Ni hapa tu?"

"Ni hapo tu."

Akaitazama tena muda mrefu. Sabra alikuwa anaangalia Benzi, kioo chake kimejaa vumbi na mtu ameandika jina lake kwa kidole.

"Nilikuwa nimeshaamini nimetoka dunguni," Bi Mwamini akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Nikamwambia najua, na kwamba namwomba radhi. Ndiyo mara ya kwanza kulisema neno lile, miaka mitatu na miezi yake.

Aliirudisha konrodi mezani, akaifuta mikono kwenye ncha ya khanga.

"La kwangu nimekusamehe, shemeji. Ulisema kabla sijachukua. La Sufiani si langu. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Kisha akamwita Sabra. Nilitaka kumsaidia kupanda lori, akasema ataweza. Akaweka mguu kwenye ngazi, akapumzika, akaweka wa pili. Kondo akawasha. Nikasimama nikilisikiliza lori mpaka lilipopotea upande wa Ikwiriri, silinda zote zinatwanga sawasawa, hakuna iliyochechemea.

Niligeuka kurudi kazini. Mtu mmoja, mgeni, mwenye baiskeli na gunia la mkaa, alikuwa amesimama analitazama Benzi. Akasema gari zuri namna hii limewekwa kama mfu, lina nini?

Nikavuta kigoda. Nikamwambia akae, nikaanza na pantoni ya Ndundu.